Kibali au Notisi?

Vijana wa Katito, kule Nyakach, wananiuliza: wanataka kuwaita watu sokoni Jumamosi wazungumzie shida ya maji, lakini mzee mmoja amewaonya wasithubutu bila kwanza “kuomba ruhusa serikalini”. Ni kweli?

Mzee huyo simlaumu. Ameona enzi za leseni ya DC. Mwaka 1990, Matiba na Rubia walinyimwa leseni ya mkutano wa Saba Saba pale Kamukunji, Nairobi, na siku yenyewe ilipofika walikuwa kizuizini.

Lakini sheria ilibadilishwa mwaka 1997. Sasa huombi, unaarifu. Mpelekeeni OCS barua siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Tajeni jina na makao ya mwandalizi, mahali, tarehe na saa, ambayo lazima iwe baina ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Nakala yenu ipigwe muhuri, muitunze kama kitambulisho! OCS anaweza kuwakatalia iwapo kuna wengine waliotangulia kuarifu kuhusu mahali hapo na saa hiyo hiyo.

Uwanja wenyewe ni kisa kingine. Soko liko chini ya kaunti, kwa hivyo kuutumia uwanja wake mtaongea na ofisi ya kaunti. Hapo mzee ana haki yake: ruhusa huombwa.

Leo ni Jumapili. Barua ikifika kituoni kufikia Jumanne, Jumamosi ni yenu.