Subira ya Mtazamaji ni Amana

Wapo wasemao kuwa tamthilia ziendazo taratibu, ambazo mahaba yake huchipua leo na kukiriwa baada ya miezi, ni upotezaji wa saa za watu. Nami naona shutuma hiyo yataka kupambanuliwa, kwa kuwa mwendo wa pole si aibu ya hadithi, na aibu huanza pale tu mtunzi anapokawia bila sababu.

Sisi wa Bagamoyo tunao ushahidi wa karibu. Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, iliufanya mji wetu kuwa makazi ya Cheche, kijana mpiga picha mwenye familia na macho yasiyotulia. Na ladha yake haikuwa katika kutaka kujua kama atateleza, bali katika kumwona, juma hata juma, akiusogelea utelezi kwa miguu yake mwenyewe.

Kabla ya hapo, televisheni ikiwa haijaenea Tanzania Bara, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza Julai 1993 kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa nusu saa, mara mbili kwa juma, juu ya Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, na mkewe Tunu. Mkwaju hakuadhibiwa upesi, kwani virusi vya UKIMWI navyo havimwangushi mtu upesi: hukaa mwilini miaka bila dalili, ilhali mwenyewe anafanya kazi, anacheka na kupanga safari. Tunu kadhalika alihitaji muda wa kujitafutia riziki yake, hata kumwacha mume kukawa jambo la kusadikika. Kukawia huko kulikuwa ukweli wenyewe, na hadithi ya haraka ingalikuwa uongo.

Lakini madhara yapo, nayo ni mawili. La kwanza, adhabu inayochelewa huupamba uovu: aliyemsikia Mkwaju katika starehe zake, akaacha kusikiliza kabla ya majuto, aliondoka na nusu ya hadithi, na nusu hiyo ndiyo mbaya. La pili limeletwa na biashara, maadamu kila sehemu mpya huvuta matangazo mapya na malipo mapya ya king'amuzi. Basi fitina ambayo neno moja la kweli lingeikata hurefushwa kwa hila, barua haifunguliwi, simu hukatika penye siri, marehemu hurejea akiwa hai, na mwanamke mwenye akili timamu hunyamaza palepale ambapo kila mama wa Bagamoyo angesema. Hapo mtazamaji huacha kumhurumia mhusika, akaanza kumdharau, wala hajui kwamba anayestahili lawama ni mtunzi.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na watunzi wote wanaoandikia vituo vyetu: jueni hatima ya hadithi kabla ya kuandika sehemu ya kwanza, na kila sehemu imwache mhusika akiwa na jambo moja alilojifunza, alilopoteza au alilolificha tangu sehemu iliyotangulia. Lisipokuwapo jambo hilo, sehemu hiyo isirushwe, hata kama matangazo yake yamekwisha kulipiwa. Kwani fedha hulipika, na jioni ya mtu haina fidia.