Macho Yenye Afya Nayo Yapimwe

Mtu mwenye afya akiambiwa akazie macho nukta moja, huamini kuwa macho yake yametulia tuli. Sivyo. Hutetema kidogo mno, huteleza polepole, kisha huirukia nukta tena. Bila mwendo huo, taswira ingefifia. Hatari huanza mwendo unapozidi, kama kwa mgonjwa aliyeharibikiwa sehemu ya katikati ya retina.

Lakini umezidi kuliko nini? Umri, uchovu na ugeni wa mashine hubadili majibu, na viwango vya kulinganishia mara nyingi vimetoka kwa watu wa nchi za mbali. Mgonjwa anastahili kulinganishwa na jirani yake. Matogoro, Songea, ni mahali pafaapo kuanzia: chuo cha ualimu kina vijana, mitaa ina wazee.

Wahudumu wawaeleze wananchi bayana kwamba kupimwa macho si dalili ya ugonjwa. Mzima anayeketi dakika chache kuitazama nukta hapotezi muda wake. Anamwachia mgonjwa wa kesho kipimo cha haki.