Mama anasahau? Usikimbilie kusema ni uzee

Msomaji wangu, mara nyingi mzee huletwa kliniki na mwanawe, na kabla hajaketi vizuri nimeshaambiwa: "Dokta, mama anasahau sana. Ni uzee tu." Mama mwenyewe yupo, anasikia, amenyamaza.

Mimi huanza na yeye. Shikamoo mama, unalala? Unakula? Wa juzi alinijibu taratibu kwamba tangu mzee wake afariki, miezi minane sasa, huamka saa tisa usiku na hapati usingizi tena. Huyo alikuwa na sonona, na sonona kwa wazee hujificha nyuma ya usahaulifu. Inatibika.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo serotonini kupelekeana ujumbe. Huratibu usingizi, hamu ya kula na hisia, na hufika hadi sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Mwaka 2017 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu 28 ambao kumbukumbu zao zimeanza kufifia na 28 walio wazima. Vibebeo vya serotonini ubongoni mwa wale wa kwanza vilikuwa pungufu, baadhi ya sehemu hadi kwa asilimia 38.

Usikimbilie duka la dawa kwa sababu hiyo. Dawa za kuongeza serotonini hutibu sonona. Hazijathibitika kurudisha kumbukumbu iliyopotea kwa ugonjwa wa ubongo. Wala ndizi hazisaidii hapo, maana serotonini iliyomo haivuki kuingia ubongoni. (Ndizi kuleni, ni chakula kizuri.)

Linaloniudhi ni amitriptilini. Mzee akisema halali, au miguu inawaka moto, anaandikiwa hiyo, kwa kuwa ni ya bei nafuu na ipo karibu kila mahali. Ni kweli inaongeza serotonini, lakini pia inaizuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu inaihitaji mno. Mzee anachanganyikiwa, anaanguka usiku akienda msalani, nasi tunaandika kwenye faili: uzee. Madaktari wenzangu, mnanielewa.

Basi ukimleta mzee wako, njoo na mfuko wa dawa zake zote, hata zile za jirani. Usizikatishe ghafla mwenyewe. Uliza kama amepimwa damu, tezi ya thairoidi, vitamini B12, na masikio pia, kwani asiyesikia huonekana msahaulifu.

Na nikimuuliza swali, mwache ajibu mwenyewe.