Uso wa mtoto si ukuta wa kupigwa plasta



Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu foleni za mwendokasi. Foleni zipo, zitasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, nalo linahusu uso wa mtoto wa miaka 11. Ndiyo, uso. Najua wengine mshaanza kucheka kwamba jamaa kaishiwa habari, sasa anatufundisha kupaka mafuta. Chekeni, lakini mkimaliza nisomeni mpaka mwisho. Huenda nyumbani kwenu kuna kigori na haya yanamhusu.

Iko hivi. Dada yangu alipata safari ya kikazi Mwanza, wiki tatu. Binti yake, yuko darasa la tano, akaletwa kwangu Tabata. Alikuja na begi la nguo, begi la shule na kipochi cha zipu ambacho nilidhani ni cha kalamu. Asubuhi ya pili nikasikia kilio bafuni: "Anko, inachoma! Anko!" Nikatupa mswaki, nikakimbia. Mtoto kasimama mbele ya kioo, mashavu yamevimba na kung'aa, vipele vidogo vidogo vimejipanga kuzunguka mdomo na pua, machozi yanamtoka. Na yale machozi nayo yalikuwa yanamchoma yakipita shavuni.

Nikafungua kile kipochi. Nilikuta sabuni ya dawa, ile ya kuua vijidudu. Skrabu ya punje punje. Maji ya kusafishia uso yenye spiriti. Seramu ya vitamini C. Krimu ya usiku ya kuzuia makunyanzi. (Jamani, miaka 11, makunyanzi!) Nusu limao kwenye karatasi. Na chini kabisa kitubu kidogo cha krimu kutoka duka la dawa la mtaani kwao, shilingi 3,000, hakuna cheti cha daktari wala swali. Mtoto alisema anapaka vipele, muuzaji akampa.

Mpwa wangu huyu ngozi yake ni ya aleji tangu utotoni. Alipokuwa mdogo alisumbuliwa na pumu ya ngozi, zile sehemu za ndani ya viwiko na nyuma ya magoti zilikuwa hazikauki. Ngozi ya namna hiyo ukuta wake ni dhaifu: maji yanatoka haraka, vitu vya kuwasha vinaingia kirahisi. Sasa ukuta dhaifu ukiupiga kila siku kwa spiriti, punje na ndimu, unategemea nini?

Tukaenda hospitali. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoshuka puani, alipanga vitu vyote mezani kama mahakamani wanavyopanga vielelezo. Akachukua kile kitubu, akasoma nyuma, akatikisa kichwa. Ilikuwa krimu ya steroidi, tena kali.

Hapa nieleze kidogo, maana nimegundua watu wengi hatujui. Krimu za steroidi ni dawa halali. Daktari akiziandika kwa ajili ya pumu ya ngozi, kwa kipimo na kwa siku alizosema, zinasaidia sana. Tatizo ni kuzipaka usoni wiki kwa wiki kama mafuta. Mwanzoni uso unatulia kweli, unakuwa laini, unang'aa, unasifiwa. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, chunusi na vipele vinazuka hasa kuzunguka mdomo. Ukiacha, vinazidi, unadhani dawa ilikuwa inakusaidia, unarudi kupaka. Huo ndio mtego. Daktari alituonya mapema kwamba uso utachafuka zaidi kwa siku kadhaa kabla haujatulia, na kwamba tusiogope tukarudi kwenye kitubu. Akaandika dawa moja tu na kutupa tarehe ya kurudi.

Halafu akamgeukia mtoto, kwa sauti ya bibi na mjukuu: "Mama, nani alikwambia uso wako ni mbaya?"

Kimya. Mtoto akaangalia viatu. Kisha akasema neno moja.

"Anko."

Wadau, mimi ndiye. Krismasi iliyopita, familia nzima imekaa uani, pilau imeiva, mimi na mdomo wangu wa uandishi nikamwangalia nikasema: "Huyu naye uso umekuwa kama barabara ya mtaani kwetu, mashimo matupu." Watu wakacheka. Yeye akacheka pia. Nilisahau kabla sijamaliza soda. Yeye hakusahau. Januari ikaanza sabuni ya dawa, Februari skrabu, na kuendelea, mpaka akafika dirishani kwa muuza dawa na pesa alizojibana kwenye nauli na chakula cha shule.

Ndiyo maana naandika. Hoja yangu ni moja: mtoto wa umri huu mwenye ngozi ya aleji anahitaji vitu vichache sana usoni, na maneno machache zaidi kuhusu huo uso kutoka kwetu watu wazima. Nadhani la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Tuanze na la kwanza, maana ni rahisi na halina gharama. Daktari aliandika nyuma ya kadi mambo ambayo nimeyabandika kwenye kioo cha bafuni. Jioni, osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso isiyo na harufu. Asubuhi maji matupu yanatosha. Tumia vidole, siyo dodoki. Kausha kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue. Uso ukiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mchana kofia, kivuli na mafuta ya kukinga jua, ya aina isiyochoma. Basi. Ukiongeza kitu kipya, ongeza kimoja, na kwanza kijaribu kwa siku kadhaa ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Kikiwasha hapo, usoni hakiendi.

Nilimuuliza kwa nini sabuni ya kipande haifai, wakati sisi tumekulia humo. Akanieleza kwamba ngozi yetu kwa asili ina uchachu kidogo, kwenye kipimo cha pH ni kama 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 au 10. Kila ukiosha unauondoa ule uchachu pamoja na mafuta yanayoilinda ngozi. Ngozi imara inajirudisha. Ya aleji inachelewa. Na kwa sisi tunaooga maji ya kisima cha chumvi, sabuni haitoki vizuri, inabaki kama utando. Nilifikiria miaka yote niliyomwambia mtoto "sugua vizuri, utakate!"

Kuhusu limao, wale mnaolisifia: limao ni asidi, na ukilipaka kisha ukatoka juani linaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka. Kwenye ngozi zetu nyeusi hili lina uzito wake, maana kila unapoiumiza ngozi, hata kwa kutumbua kipele kimoja, inaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mtoto anapaka limao kuondoa doa, anazalisha doa. Dawa ya meno nayo iko kundi hilo hilo. Na kama vipele vimejaa kwenye paji la uso tu, kabla hujanunua chochote angalia mafuta ya nywele. Mtoto kasukwa rasta, kapakwa grisi mpaka inatiririka, jasho la Dar linaishusha kwenye paji. Unatibu uso kumbe kesi iko kichwani.

Najua kuna wadau watasema haya ni mambo ya kizungu, sisi tumeoga na sabuni ya mche na tuko hai. Nawajibu kwa heshima: tuko hai, ndiyo, lakini darasani kwetu walikuwepo waliojikuna mpaka damu na tukawaita majina. Hata hivyo, siko upande wa maduka pia. Dukani ndiko tatizo linakonenepeshwa siku hizi, likisaidiwa na simu. Mwaka 2025 jarida la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Waliangalia video 100 za TikTok za watoto na vijana wa miaka 7 hadi 18 wakionyesha wanavyotunza ngozi. Kwa wastani kila mmoja alipaka vitu 6 usoni, na gharama ilikuwa kama dola 168 kwa mwezi. Wakati huo huo, katika zile video za asubuhi, karibu robo tu ndizo zilizokuwa na mafuta ya kukinga jua. Yaani kile kimoja cha maana ndicho kilichosahaulika. Na vingi vya vile vingine vilikuwa na asidi ambazo zinaweza kuiwasha ngozi changa na kuifanya iungue na jua upesi.

Mwaka 2024 huko Sweden, maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat yalitangaza kwamba hayatawauzia watoto wa chini ya miaka 15 vipodozi vya aina hiyo bila ruhusa ya mzazi. Hapa kwetu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku miaka mingi, enzi za TFDA, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS. Marufuku ni nzuri. Ila mkorogo haujaisha, na dirisha la duka la dawa halina mlinzi. Mtoto wa miaka 11 aliweza kununua steroidi kama anavyonunua barafu za ubuyu. Tukiwa tunadai sheria, tudai na hilo: krimu hizi zisitoke bila cheti, na muuzaji aone aibu kumpa mtoto.

Sasa la pili, la midomo yetu. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13. Vinyweleo vinaamka, mafuta yanaongezeka, vipele vya kwanza vinatokea puani na kwenye paji. Siyo uchafu. Siyo laana. Siyo dalili kwamba "kaanza mambo", kama baadhi ya mashangazi wanavyopenda kunong'ona. Ni mwili unafanya kazi yake. Lakini angalia tunavyowapokea: "Mbona umechakaa?" "Ulikuwa mweupe ukiwa mdogo, sasa vipi?" "Jipake pake kitu basi, wewe ni mtoto wa kike." Halafu akijipaka kitu, tunamshangaa.

Mpwa wangu aliniuliza swali usiku mmoja, tumekatikiwa umeme, tumekaa barazani. "Anko, nikipona nitakuwa mweupe kidogo?" Nilitaka kumpa hotuba. Bahati nzuri nilinyamaza kwanza. Nikamwambia atakuwa yule yule, isipokuwa haitamchoma. Akafikiria. Akasema, "Sawa, lakini usiniite tena barabara." Nikamwomba msamaha, mtu mzima kwa mtoto, gizani. Wadau, ni vigumu kuliko inavyosikika.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kama daktari alivyosema. Alikwenda shule na kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Wiki ya pili uvimbe ukashuka. Ya tatu, mama yake aliporudi, vipele vya mdomoni vilikuwa vimepungua na maji hayachomi tena. Madoa bado yapo. Daktari kasema yatachukua miezi na hakuna cha kuyaharakisha zaidi ya subira na kofia. Kile kipochi cha zipu sasa kina kalamu.

Msinielewe vibaya. Si kila kipele ni cha kusubiri. Kama mtoto ana majipu makubwa yanayouma, uso unatoa maji, unamwasha mpaka halali, au vipele vinaacha makovu, mpelekeni kwa daktari, siyo kwa muuza vipodozi na siyo kwa jirani aliyepona kwa kitu fulani. Jirani ana ngozi yake.

Ila kwa watoto wengi, sabuni laini, losheni isiyonukia, kofia na muda vinatosha. Na sisi wajomba, mashangazi, kaka na dada tuliosoma, tunaojiona wa kisasa, tujifunze kumsalimia mtoto bila kumkagua. Muulize kasoma nini leo. Muulize mechi ya rede iliishaje. Uso wake atauona mwenyewe kwenye kioo, hahitaji mtangazaji.

Najua wengi wenu mlipewa jina mkiwa na miaka 11 ambalo mpaka leo mnalikumbuka mkijitazama kwenye kioo. Leteni hapa, tusemezane.

Naomba kuwasilisha.