MUSHI YUPI? TAJA KIHAMBA, DOGO!

Sogea hapa kijiweni. Leo mada inataka kichwa kidogo, lakini usikimbie, itaeleweka tu.

Jifanye umeshuka kwenye daladala Kibosho, Desemba, wakati kila mtu kapanda mlimani kula sikukuu. Unamkuta mzee kibarazani: "Shikamoo meku, namtafuta Mushi." Atakucheka! Mushi yupi? Kwa Kibosho ukiita jina hilo inageuka nusu ya kanisa. Lazima uongeze maneno: Mushi seremala, wa kule Umbwe, mwenye kihamba chini ya mfongo. Hapo ndipo utaonyeshwa mlango.

Basi ukurasa wa intaneti ndiyo Kibosho yenyewe. Umeandikwa kwa HTML, na vitu vyake vimepangwa kiukoo: html ndiye babu, body mtoto wake, table ni jedwali, tr ni mstari mmoja wa jedwali, td ni chumba kimoja ndani ya mstari. Lugha ya kuielekeza kompyuta "nataka chumba kile pale" inaitwa XPath. Toleo la kwanza lilipitishwa na W3C, wasimamizi wa viwango vya wavuti, Novemba 1999, na mpaka leo ndilo lililomo kwenye vivinjari.

Sasa dili liko wapi? Matokeo ya kidato cha nne! Baraza la Mitihani, NECTA, huyatoa kwa kurasa za shule, jedwali refu lenye namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na masomo. Kijana anayejua kompyuta anaweza kutengeneza programu ya kuchomoa mstari wa mtu mmoja, mama aliyeko shambani akapata jibu kwenye simu. Safi sana. Ila ukichomoa mstari wa jirani, umemliza mama wa watu bure, na binti usiku huo halali.

Wengi wanateleza hapa. Wananakili njia hii toka kwenye kivinjari:

/html/body/table[3]/tbody/tr[26]/td[4]

Yaani jedwali la tatu, mstari wa 26, chumba cha nne. Ni sawa na kusema "nyumba ya tatu baada ya baa". Mtu akijenga kibanda katikati, umeingia kwa watu! Likiongezwa jedwali dogo juu, programu yako inasoma mambo mengine kabisa, na haipigi hata kelele. Halafu hiyo tbody mara nyingi kivinjari kimejiongezea chenyewe. Kwenye ukurasa halisi haipo, na programu inarudi mikono mitupu.

Mtoto wa mjini anaelekeza hivi (namba ni ya mfano):

//tr[td[normalize-space()='S0000/0025']]/td[4]

Mikwaju miwili ya mwanzo inasema "popote alipo". Mabano ya mraba ndiyo yale maneno ya ziada ya kumwambia meku: mstari ule tu wenye namba hii. Hiyo normalize-space inaondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maandishi. Na ile 4 ichunge: programu isome kwanza kichwa cha safu, kama si DIV, isimame.

Mengine ya kushika:

Kwanza, usitumie contains kwenye namba. Ukiandika 'S0000/002' utabeba kuanzia 0020 hadi 0029, ukoo mzima!

Pili, XPath inaanza kuhesabu na 1, siyo 0 kama lugha nyingi za programu.

Tatu, hesabu ulichopata. Ikija mistari miwili, au isije hata mmoja, usibahatishe. Sema "sijapata". Jibu hilo halijawahi kumuua mtu.

Unataka kujaribu? Fungua konsoli ya Chrome au Firefox, andika $x("//tr") uone mistari inavyomwagika.

La mwisho, mshikaji: matokeo ni ya mwenyewe. Mpe yeye na wazazi wake, usiyatembeze kwenye mbege.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ukiulizwa Mushi yupi, uwe na jibu!