Gari la kwenda sokoni lisipangwe kama la mashindano

Kwa muda sasa vijana wa hapa Ruziba wenye magari madogo ya Kijapani wameingiwa na ugonjwa mpya. Wanakata springi gari lishuke, wanalaza matairi ya mbele ili upande wa juu uingie ndani, kisha wanatembea kifua mbele wakisema gari "limepangwa kimashindano". Ukiwauliza wamejifunza wapi, wanakuonyesha picha kwenye simu: magari ya Ujerumani, ya Uingereza, na ya wenzetu wa Nairobi. Mimi sina ugomvi na picha hizo. Ugomvi wangu ni kwamba vijana wameiga nusu ya somo, na nusu waliyoiacha ndiyo inayotufaa sisi tunaokwenda Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda na kuvuka hadi Manyovu.

Ifahamike kwanza kwamba watu wanaowaiga si wote madereva wa mashindano. Wengi ni wafanyakazi wa kawaida. Katika nchi hizo kuna siku maalumu ambapo mwenye gari la kawaida hulipa ada, akaruhusiwa kuzunguka uwanja wa mbio bila kugombea kombe lolote. Pale Nürburgring, Ujerumani, njia ya zamani ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1927 ina urefu wa karibu kilomita 21, na raia hulipia kila mzunguko. Hata kwa jirani zetu wa Kenya, Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikimbiwa na magari ya dukani. Mtu wa namna hiyo Jumapili anakimbiza gari uwanjani, na Jumatatu analiendesha lilelile kwenda kazini. Gari moja, kazi mbili.

Ndugu msomaji, na wewe mfanyabiashara wa mpakani uko hivyohivyo. Siku nne gari linazunguka mjini likiwa tupu, siku ya tano linabeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa, abiria wamebanana juu yake. Tofauti ni kwamba yule wa Ujerumani hupima gari lake kwa vipimo, sisi tunapima kwa jicho.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Wenyeji wa hapa huliita paralelismu, sisi tuliokulia Tanzania tunasema alaimenti. Fundi wa Buyenzi anaelewa yote mawili. Kuna vipimo viwili vinavyohusika zaidi. Kuna mlalo wa tairi, yaani tairi kuegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Na kuna mwelekeo wa tairi, yaani ukilitazama kutoka juu, ncha zake za mbele zinakaribiana au zinaachana. Kipimo cha tatu, kasta, katika magari yetu mengi hakina hata boliti ya kukigeuza, kwa hiyo nakiacha.

Mlalo una sababu yake. Gari likikata kona kwa kasi hulala upande, na tairi la nje hukanyaga kwa bega lake. Ukililaza ndani kidogo kabla, ndani ya kona linakaa sawasawa chini na kushika vizuri. Ndiyo maana wa uwanjani huweka digrii mbili au tatu, wakati gari la kawaida hutosheka na chini ya digrii moja. Kwenye barabara iliyonyooka tairi lililolazwa hivyo hukanyaga zaidi kwa ukingo wa ndani, nalo huisha upande huo, lakini polepole.

Kinachoua tairi haraka ni mwelekeo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mniruhusu nifanye hesabu. Chukua tairi lililopinda digrii moja tu kutoka njia ya gari. Kwenye rimu ya inchi 14 hiyo ni kama milimita 6, jicho la kawaida haliioni. Tairi hilo, kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele, linaburuzwa kando mita 17. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge, tuseme kilomita 70, limeburuzwa zaidi ya kilomita moja kando kando, kama mtu anayesugua kiatu kwenye sakafu ya saruji. Rudi nalo, imekuwa zaidi ya mbili. Anayelipia kusugua huko ni wewe, kwa mpira na kwa mafuta. Mwaka 2024, mafuta yalipoadimika na watu wakalala foleni, wangapi walijua kwamba sehemu ya lita zao ilikuwa inateketea kwa kuburuza matairi?

Ukigeuza mlalo, mwelekeo nao hugeuka, kwa sababu mkono wa usukani umeshikwa mahali pake wakati nguzo ya shokapu imesogea. Wale wa ng'ambo wanalijua hilo vizuri. Hawalazi tairi wakaondoka. Wakimaliza mlalo wanapima mwelekeo upya, na mwenye akili anaurudisha karibu na sifuri kwa sababu ya safari ya Jumatatu. Vijana wetu wanaishia kwenye mlalo kwa kuwa ndio unaoonekana kwenye picha. Mwelekeo haupigiki picha.

Jirani yangu mmoja, mama anayefanya biashara ya mawese, aliachiwa gari la namna hiyo na mwanawe. Lilikuwa zuri machoni. Matairi ya mbele, ukiyatazama kwa nje, yalikuwa na meno mazima kabisa. Siku moja gurudumu lilipofunguliwa kwa sababu ya pancha ndipo ilipoonekana kwamba upande wa ndani mpira umekwisha, nyaya zimechomoza. Mama huyu alikuwa amekwenda nalo Mabanda na kurudi, mara nyingi tu, akiwa na watu wanne na mzigo. Kijana alijitetea kwamba hata Wazungu wanafanya hivyo. Nilimwambia Mzungu huyo akitoka uwanjani huingia chini ya gari na tochi, ashike tairi kwa mkono upande wa ndani. Jambo hilo halina gharama. Geuza usukani hadi mwisho, inama, papasa.

Nirudi kwenye nusu ya somo iliyoachwa, maana nasi tuna la kuchukua. Watu wa uwanjani hawapimi gari tupu. Huweka mizigo kwenye kiti yenye uzito wa dereva, ndipo wanapima. Nasi gari linalobeba magunia kila wiki linapimwa likiwa tupu, kisha tunashangaa linavuta! Mzigo ukishusha nyuma, pua inainuka, matairi ya mbele yanabadili mlalo na mwelekeo, na taa zinamulika mitini. Mwambie fundi apime likiwa na mzigo wa kadiri, hata mifuko miwili ya saruji nyuma itamwonyesha kitu. Na kabla ya kupima lolote, bushi na boljointi ziangaliwe, kwa sababu kupima gari lenye boljointi inayocheza ni kupima maji kwa ungo.

Wala mashine ya mamilioni si lazima. Wengi wa wale wa uwanjani hutumia nyuzi mbili zilizofungwa sambamba na gari, moja kila upande, na rula. Unapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo mwelekeo wako. Fundi wa Buyenzi ana uzi, ana rula, na mikono yake ni hodari. Kinachokosekana ni mazoea ya kuandika.

Lipo jingine linalotuhusu sisi tuliorejea. Magari haya yametoka Japani, nchi inayopita kushoto, yakashuka Dar es Salaam, nchi inayopita kushoto, ndipo yakaja kuishi nasi tunaopita kulia. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yamwagike kando. Kwa hiyo Kigoma gari huvutwa kushoto na mteremko huo, na likifika Mabanda huvutwa kulia. Fundi aliyelirekebisha upande mmoja ili lisivute kule, amelitayarisha livute zaidi huku. Taa nazo zimetengenezwa kumulika juu zaidi upande wa kushoto, ambako kwetu ndiko anakotoka mwenzako. Gari limelelewa ugenini kama sisi, nalo linahitaji kuelekezwa. Anayevuka kila wiki aombe lipangwe sawasawa pande zote mbili, lisipendelee nchi yoyote.

Kwa mtazamo wangu, chama cha madereva kinaweza kuanza na jambo moja dogo: gereji yoyote inayopokea pesa ya paralelismu impe mteja karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Na vijana wetu, kama wanataka kulaza matairi, waombe uwanja ambao watu hawauzii nyanya kandokando yake. Barabara ya ziwani si uwanja huo. Pale Ruziba peke yake wanafunzi wangu huivuka mara mbili kwa siku.

Fundi mmoja niliyemwomba karatasi hiyo mwezi uliopita aliniuliza kama mimi ni askari wa barabarani. Nikamwambia ni mwalimu. Akachana kipande cha boksi la betri, akaandika: kabla milimita 7, baada milimita 1.