Waulizwe Mapema
Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hazikwenda. Kuta zilikuwa za alumini, hewa haipiti, katika mji wenye joto chini ya milima ya Uluguru! Uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Kibarua yeyote wa Msamvu, mjini humo, aliyewahi kushinda chini ya bati angewaonya waliokijenga, lau angeulizwa. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi anapotaka kuwapunguza. Wakati huo kumeshakucha. Wafanyakazi wa viwanda vyetu vya nguo na tumbaku wakae mezani tangu mwekezaji anapochora ramani.